Mbao Zenye Matundu ya Kamba

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani: siku niliyoichoma nyumba ya mama mkwe wangu, bibi yako Zainabu, nikiwapikia watu asida. Kaa vizuri. Simu iweke chini. Ijumaa ulipokuja hapa na yule kijana wa tingatinga, mkaizunguka nyumba hii mkiinyoshea vidole, nilinyamaza kwa sababu tulikuwa na mgeni. Leo tuko wawili, nitasema.

Nyumba mpya naitaka. Nani hataki vigae na choo cha ndani, na magoti yenyewe ndiyo haya? Lakini ulitamka maneno yakanikaa kifuani. Ulisema, "Asubuhi moja tu, Mama, itakuwa chini." Ulisema kwa furaha, kama mtu anayemtolea mamake mwiba. Basi nataka ujue kwanza paa hili lilipandaje huko juu, halafu uamue mwenyewe kama mtu mzima.

Baada ya vita vya mwaka wa sabini na tisa, watu wa Koboko walipoanza kuvuka mpaka kwenda Zaire na Sudani, kila mmoja alibeba alichokiona cha maana. Huyu mbuzi, yule cherehani, mwingine godoro. Bibi yako yeye alipanda juu ya paa. Alikuwa mjane wa mwanajeshi, na nyumba hii na kitanda kimoja ndivyo vitu pekee alivyoachiwa na mumewe. Alikaa juu huko na nyundo ya kucha, aking'oa msumari mmoja mmoja, akayashusha mabati yote kumi na mawili, kisha akazishusha na zile mbao nane ndefu zilizokuwa zimeyabeba. Watu waliokuwa wakipita na mizigo kichwani walimshangaa, wakamwita kwa jina la baba yako.

"Mama Rajabu, risasi nakuja! Wewe iko huko juu nafanya nini?"

"Mimi navua nyumba yangu," aliwajibu. "Nyinyi tangulia. Mimi nakuja."

Ndivyo alivyosema, kuvua, kama vile nyumba ni mtoto anayetolewa nguo kabla ya kuogeshwa. Maisha yake yote sikumsikia akisema kubomoa.

Mabati na kile kitanda alivivusha kwa baiskeli, safari baada ya safari. Mbao zilikuwa ndefu mno, futi kumi na mbili kila moja, hazibebeki. Akazipaka oili chafu ya lori mpaka zikawa nyeusi tititi. Akachimba sakafu ya jikoni, akamwaga majivu, akazipanga, akamwaga majivu tena juu yake, akashindilia udongo. Mchwa wa kwetu unawajua, wanakula hata mkeka ulioulalia. Misumari aliinyoosha juu ya jiwe akaitia kwenye kopo la maziwa, na kopo hilo akalibeba mwenyewe kwapani mpaka ng'ambo.

Mimi nilimkuta huko. Niliolewa ukimbizini, upande wa Zaire, si mbali na Ariwara. Baba yako aliponipeleka kwao nikaona kibanda chenye mabati katikati ya vibanda vya nyasi, nikajisifu moyoni kwamba nimeolewa kwa matajiri. Upepo wa kwanza ulinitoa usingizi huo. Mabati yalikuwa yanapigana kama masufuria sokoni, kwa sababu hayakupigiliwa hata msumari mmoja. Yalikuwa yamefungwa kwa vipande vya tyubu za baiskeli vilivyopitishwa kwenye matundu ya zamani. Nikamwambia baba yako alete misumari tulale kwa amani. Akacheka, akaniambia nimwulize mamake.

Nikamwuliza. Hakuinua hata uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Kila tundu iko na mbao yake Koboko," akasema. "Mimi hapana toboa ingine."

Nilifikiri ni ukaidi wa wajane. Baadaye ndipo nikaelewa. Mabati mapya miaka ile ungeyasikia tu kwenye mazungumzo. Na bati lililotobolewa ovyo halina tofauti na chekeche, likae juu au chini ni mamoja. Yeye alikuwa akiyatunza yale kumi na mawili yarudi nyumbani yakiwa mazima, kila tundu likae juu ya ubao uleule, msumari uingie pale pale. Akavumilia kelele za upepo miaka saba.

Nami nilikuwa na changu cha kutunza. Nilikuja na angarebu yangu, kitanda chetu cha Kinubi cha mbao kinachosukwa kwa kamba. Baba yangu alikichonga mwenyewe kwa mti wa mvule, akatoboa matundu kwenye mbavu zake ya kupitishia kamba, tena kwa mpangilio mzuri kama shanga. Aliniambia binti yake hatalala kitanda cha kuazima popote dunia itakapomtupa. Kila asubuhi nilikifuta kwa kitambaa. Ucheke tu. Mkimbizi akiwa na kitu kimoja kizuri anakifuta kila siku.

Tuliporudi Koboko kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba yako wewe. Bibi yako alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake wa kwanza hatazaliwa chini ya paa la watu. Kwa hiyo paa lilitakiwa lipande kabla ya mvua na kabla yako, na hakuna aliyejua ni nani kati yenu atafika mbele.

Yeye na baba yako walitangulia, wakazifukua zile mbao, wakaziegemeza nyuma ya jikoni zipate hewa. Siku hiyohiyo bibi yako akageuka tena Zaire kufuata mabati na kitanda chake, pamoja na Kenyi, seremala wa Kuluba, Mkakwa mwenye baiskeli imara na maneno machache. Mimi nikafika kesho yake, nimekalishwa nyuma ya baiskeli, angarebu yangu inakuja kichwani mwa binamu yako. Baba yako alinipokea, akalala usiku mmoja, asubuhi akaondoka kwenda Arua kuazima msumeno kwa mjomba wake. Aliniambia tu, "Tunza kila kitu." Nikajibu ndiyo, huku nikiangalia sufuria zangu.

Majirani walikuwa wamekuja kusaidia. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeinama, na vijana walipenda kuusukuma kwa gogo uanguke waone vumbi. Lakini bibi yako alikuwa amewaachia amri kabla ya kuondoka, nao walimwogopa hata asipokuwepo. Wakaushusha kuanzia juu. Matofali yale ya kuchoma yalikuwa yameshikwa kwa udongo, si kwa saruji. Unaligonga tofali taratibu kwa kipande cha mti, linaachia, unalikwangua, unalipanga. Wanawake walikaa chini wakikwangua na kupiga soga, na hadi saa sita kulikuwa na safu ndefu ya matofali mazima mpaka unaona raha.

Watu wanaofanya kazi hivyo lazima wale. Nikataka kukoroga asida, ugali wetu wa Kinubi, nikakosa kuni. Nyasi zilikuwa zimemeza mashamba yote, watu walikuwa wanaogopa kuingia porini, na mimi na tumbo langu nisingefika mbali. Nikazunguka nyuma ya jikoni. Nikaona mbao nyeusi, zenye matundu matundu, zimejaa majivu. Zile za bibi yako hakuna aliyekuwa amenionyesha. Nikasema, masikini, haya ni mabaki ya nyumba iliyoungua.

Sikumwuliza mtu, mwanangu. Ukimbizi ulikuwa umenizoesha hivyo. Ukihama leo hapa kesho pale, unachoma mguu wa kiti, unachoma mlango wa banda, kwa sababu hutarudi tena pale kuuhitaji. Nilikuwa nimerudi kwetu lakini mikono yangu ilikuwa bado ugenini. Nikachukua panga, nikaanza na ubao mmoja. Uliwaka vizuri ajabu! Sijapata kuona kuni kama zile. Nikaongeza wa pili, na wa tatu. Nilikuwa naimba.

Bibi yako aliingia uani tumekaa tunakula. Kenyi nyuma yake, baiskeli mbili zimelemewa mabati, kitanda kimefungwa juu. Watu wakapiga vigelegele. Nikamnawisha mikono kwa adabu zote, nikampa sahani ya kwanza. Akamega tonge, akalitia mdomoni, akaacha kutafuna.

"Hii asida iko na harufu ya lori," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Akasimama, akaenda mpaka motoni, akainama, akavuta kichwa cha ubao kilichokuwa hakijashika moto. Aliona tundu la msumari. Akavuta cha pili, na cha tatu. Akavimwagia mchanga kwa mikono yake. Kisha akakaa chini palepale kwenye majivu, na nguo yake ya safari, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini bila mkeka.

Sikujua bado nimefanya nini.

"Nani nachoma hii?"

"Mimi, Mama."

"Uliuliza nani?"

"Sikuuliza, Mama. Niliona ni nyeusi. Nikajua imeungua."

"Uliona nyeusi, ukasema imekufa." Alikuwa akisema polepole sana, na afadhali angepiga kelele. "Mimi nafunga mabati na tyubu miaka saba. Nalala na kelele miaka saba, sababu ya hii mbao. Leo wewe napika na nyumba yangu. Hawa watu yote nakula nyumba yangu."

Mwanangu, nililia. Wengine waliweka matonge chini. Nilijua ningeweza kurudishwa kwa baba yangu na tumbo langu vilevile, na sikuwa na la kujitetea. Nikamwambia nitaondoka. Akajipangusa majivu.

"Uende wapi na mjukuu yangu? Mimi hapana fukuza mutu. Kula kwanza. Baadaye tafuta mbao."

Yakaisha hivyo. Hakulirudia tena mpaka anakufa, ila pale alipotaka kunichokoza. Nikipika vizuri sana alikuwa ananusa sahani, ananiangalia.

Kesho yake Kenyi alikata miti ya kalitusi kuziba pengo la zile mbao tatu. Mti ni mti, ndivyo nilivyofikiri. Aliilaza juu, akaweka bati moja kujaribu, akaniita nipande kwenye kifusi nione. Tundu la kwanza lilikaa juu ya mti. La pili lilining'inia hewani, kwa sababu mti ulikuwa umepinda. La tatu vilevile.

"Iko mbili tu," akasema Kenyi. "Toboa tundu mpya, ama tafuta mbao ya nyoka sawa."

Alimaanisha mbao iliyonyooka, ndivyo anavyosema mwenyewe. Mbao ya kupasuliwa kwa msumeno, futi kumi na mbili, Koboko ya wakati ule! Baba yako alikuwa amerudi na msumeno uliokosa cha kukata. Alizunguka mji mzima, akarudi mikono mitupu. Na upande wa Sudani mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri, yanatuangalia, yanaondoka.

Bibi yako akachukua uzi, akapima ubao mmoja wa zile tano zilizobaki, akafunga fundo. Akaanza kutembea na ule uzi. Alipima kila kitu uani. Alipima fremu ya mlango wa nyuma, miimo yake miwili ikaunganishwa, ikafika kwenye fundo. Ubao wa kwanza ukapatikana. Ndiyo maana nyumba hii haina mlango wa nyuma, mlionilalamikia utoto wenu wote mkitaka kutoroka madrasa.

Halafu nikamwona amesimama mbele ya kitanda chake. Akapima ubavu mmoja. Futi sita. Akapima wa pili. Akakipindua, akaanza kufungua kamba zake, fundo baada ya fundo, na vidole vyake vya kizee. Kenyi aligeuka akaangalia pembeni. Kile kitanda alikilalia na babu yako.

Ukabaki ubao mmoja. Nakuambia kweli, nilisimama nikiutazama ule uzi na nikatamani usije upande wangu. Nilikipenda kitanda changu. Nilikuwa nimeshaona pale ukutani nitakapokiweka, nimeshajiona nimelala juu yake na wewe kifuani. Tena yeye hakukipima. Alipita karibu nacho, akapita kama hakioni. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikapiga magoti kwa shida, nikaanza kufungua kamba.

"Acha," akasema. "Hiyo iko ya baba yako."

"Mimi ndiye nilichoma, Mama."

"Utazaa juu ya nini?"

"Juu ya mkeka. Chini ya paa lako."

Akaja akapiga magoti upande wa pili, tukafungua pamoja. Mikono yetu ilikuwa inakutana kwenye mafundo. Hapo ndipo nilipoolewa hasa katika nyumba hii, mwanangu. Yale ya Ariwara yalikuwa pilau tu.

Kenyi alizichomoa mbavu zile, akaziunganisha mbilimbili, akazipandisha. Mabati yakafuata. Bibi yako alisimama chini akimpa misumari ya kwenye lile kopo, na kila msumari uliingia kwenye tundu lake, kwa kipande cha ndala kuukuu chini ya kichwa chake ili maji yasipite. Mabati kumi na mawili, mwanangu, yaliyokwenda Zaire yakarudi, na hayakuongezwa tundu hata moja. Alipomaliza, aliangalia juu akatabasamu peke yake kama msichana.

Mvua ilikutangulia wewe kwa siku mbili. Ilikuja mchana, nzito, na upepo. Bibi yako alichukua mkeka akaketi chini ya pale mbao za vitanda zilipounganishwa, akafungua kiganja, akangoja. Tulisubiri naye. Kiganja kilibaki kikavu. Siku mbili baadaye ukazaliwa wewe, juu ya mkeka uleule, na yeye ndiye aliyekupokea. Akaendelea kulala chini karibu mwaka mzima, mifupa yake ile, hadi tulipopata kitanda kingine, na sikumsikia akilalamika hata asubuhi moja. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyojua kumwambia.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala chali unaniuliza, "Mama, nani alitoboa yale matundu juu?" Nilikuambia ni panya. Nilikuwa na aibu bado. Yalikuwa matundu ya kamba, mwanangu. Babu yako mzaa mama ndiye aliyeyatoboa, mimi niyalalie.

Sasa sikia ninachotaka. Jenga nyumba yako, na Mungu akuzidishie. Lakini yule kijana wa tingatinga mwambie abaki kwao. Uivue nyumba hii kwa mikono. Uanzie juu. Misumari ing'oe, inyooshe, hata kama dukani kwako Arua iko ya kumwaga. Mabati yakuezekee jikoni, matofali yakwanguliwe yarudi kwenye msingi mpya, na ukiona kitu cheusi chenye matundu usiseme kimekufa kabla hujamwuliza aliyekiweka. Kuna vingi vya watu wengine mikononi mwetu, na sisi tumefika juzi. Hata mke wako mwambie hivyo, kwa upole, asije akapika na nyumba kama mimi.

Na utakapofika kwenye zile mbao nne zenye matundu ya kamba, usimpe fundi. Shuka nazo mwenyewe. Mbili zina matundu makubwa yaliyochakaa, hizo ni za bibi yako. Mbili zina matundu madogo yaliyopangwa kama shanga. Zifute vumbi, uniletee pamoja na kamba mpya. Nimelalia vitanda vya watu muda mrefu, nataka changu.

Mola akulinde unapopanda na unaposhuka. Akupe paa ambalo wanao watauliza habari zake, na akupe pumzi ya kuwajibu ukweli, si kama mimi na panya wangu. Haya, niletee miwani, sijui nimeiweka wapi.